Darasa Lisiloogopa Swali

Kuna dhana iliyozoeleka katika shule zetu kwamba mwalimu hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ama awe mpole, ama awe mkali wa akili. Mpole, husemwa, hupendwa na wanafunzi lakini darasa lake hulegea. Mkali huogopwa, na mwisho wa mwaka matokeo humtetea. Nimeisikia dhana hii katika vyumba vya walimu, nimeisikia kwa wazazi siku za mikutano, na wanafunzi wenyewe huirudia kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Katika makala haya ninakusudia kuipinga. Shahidi wangu wa kwanza ni mhadhiri mmoja wa Marekani. Wa pili ni msichana wa kidato cha pili ambaye jina lake nitalihifadhi.

Mhadhiri huyo ni bell hooks. Jina alilozaliwa nalo mwaka 1952, katika mji wa Hopkinsville, jimbo la Kentucky, lilikuwa Gloria Jean Watkins. Alipoanza kuandika alichukua jina la mama wa bibi yake, akaliandika kwa herufi ndogo ili msomaji ayatazame maneno yake kuliko kumtazama yeye. Alifundisha katika vyuo vikubwa na vidogo: Yale, Oberlin, City College ya New York, na tangu mwaka 2004 akarudi jimboni kwao kufundisha Berea, chuo kinachojulikana kwa kutowatoza wanafunzi wake ada ya masomo. Aliaga dunia Desemba 2021. Aliandika vitabu vingi, lakini vinavyotuhusu zaidi sisi walimu ni Teaching to Transgress, yaani kufundisha ili kuvuka mipaka, cha mwaka 1994, na kile cha mwaka 2010 kuhusu kufundisha fikra tunduizi.

Falsafa yake haikuzaliwa chuoni. Ilizaliwa katika shule mbili za utotoni. Ya kwanza ilikuwa shule ya watoto Weusi peke yao, katika enzi ya ubaguzi wa rangi. Majengo yalikuwa duni, lakini walimu, wengi wao wanawake Weusi, waliwajua wazazi wa wanafunzi wao, wakajua wanasali wapi na wanaishi vipi. Kwao, kumfundisha mtoto Mweusi kutumia akili yake kulikuwa ni kitendo cha kupinga mfumo uliomhesabu kuwa hana akili. Kisha ubaguzi wa shule ukavunjwa kisheria, na watoto wale wakapelekwa kwa mabasi katika shule za Wazungu. Mtu angetarajia furaha. Yeye anakumbuka hasara. Katika shule mpya maarifa yaligeuka kuwa taarifa za kukariri, na mwanafunzi Mweusi aliyeuliza sana alionekana mkaidi. Kilichotakiwa kwake kilikuwa utii, wala si shauku ya kujifunza.

Naomba tuitafakari tofauti hiyo, kwa maana hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Shule ya kwanza ilikuwa na upendo na ilikuwa na ukali wa akili kwa wakati mmoja. Walimu wale hawakuwahurumia watoto kwa kuwapunguzia kazi. Waliwapenda kwa kuwadai kazi zaidi. Shule ya pili haikuwa na upendo, na kwa sababu hiyo hiyo haikuweza kudai fikra. Mtoto anayejua kwamba anadharauliwa hujifunza jambo moja kwa ustadi mkubwa, nalo ni kujificha.

Kiswahili chetu kinatupa neno huruma, lakini neno hili lina mtego. Huruma yaweza kuwa ya yule anayempa ombaomba sarafu bila kumtazama usoni. Hooks alipendelea kuzungumzia upendo, na upendo kwake haukuwa hisia tu. Aliueleza kama mchanganyiko wa kujali, kujitoa, kumjua mtu, kuwajibika, kuheshimu na kuaminiana. Ukiutazama mchanganyiko huo, utaona hakuna sehemu hata moja inayomruhusu mwalimu kumwacha mwanafunzi asifikiri. Kumheshimu mtu ni kuamini kwamba ana jambo la kusema. Kuwajibika kwake ni kumsaidia alipime jambo hilo kabla hajaliamini.

Darasani kwake aliyatekeleza haya kwa njia rahisi. Aliwataka wanafunzi waandike aya fupi papo hapo, kisha kila mmoja aisome yake kwa sauti. Hakuna aliyebaki bila kusikika, hata kama darasa lilikuwa kubwa. Kusudi halikuwa kusifiana. Kusudi lilikuwa kila mtu atambue kwamba mwenzake yupo, kwamba sauti yake ni mchango katika kazi ya wote, na kwamba kumsikiliza mtu kwa makini ni sehemu ya kufikiri. Aliongeza sharti moja zito: mwalimu asiwatake wanafunzi wajihatarishe kwa kusimulia maisha yao ikiwa yeye mwenyewe hayuko tayari kujihatarisha. Anayetaka wengine wavue viatu, avue vyake kwanza.

Mwalimu wake mkubwa katika mambo haya alikuwa Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazili ambaye mwaka 1963 aliwafundisha vibarua wa Angicos kusoma na kuandika kwa kutumia maneno ya maisha yao wenyewe, na ambaye baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka uliofuata alifungwa na kisha kwenda uhamishoni. Hooks alimpenda Freire, lakini hakumwabudu. Freire alipozuru Chuo Kikuu cha Santa Cruz, yeye alisimama akahoji namna vitabu vyake vilivyomsahau mwanamke, vikizungumza kana kwamba anayekombolewa ni mwanamume tu. Waliokuwapo wakaona swali hilo halifai. Freire mwenyewe akaingilia kati, akasema ni swali la msingi, akalijibu. Baadaye hooks alieleza kwamba mtu mwenye kiu akipewa maji yenye uchafu kidogo hayamwagi. Huuondoa uchafu akayanywa maji. Sijapata mfano bora zaidi wa kumfafanulia mwanafunzi maana ya fikra tunduizi. Kuhoji si kudharau. Na mwalimu anayepokea swali gumu kutoka kwa mtu anayempenda hapungukiwi na heshima. Heshima yake ndiyo kwanza inaanza.

Mawazo haya si mageni katika ukanda wetu. Freire mwenyewe alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na waraka wa Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, wa mwaka 1967. Waraka ule hukumbukwa kwa mashamba ya shule, lakini ndani yake Nyerere alidai pia kwamba elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi. Huku kwetu Uganda, mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unadai jambo hilo hilo, na kwa vidato viwili vya mwanzo umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ilikwisha kupiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Hata hivyo, fimbo yaweza kutoka mkononi ikahamia ulimini. Mwalimu anayemwita mwanafunzi mjinga kwa sababu ameuliza hajavunja kifungu cha viboko, lakini amempiga.

Sasa nije kwa shahidi wangu wa pili.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeandika Kiswahili sanifu kuliko wenzake wengi, lakini hakukisema. Nikimuuliza kwa Kiswahili, alijibu kwa Kiingereza au alitazama chini. Wenzangu wawili walinipa ushauri. Mmoja alisema nimlazimishe mbele ya darasa mpaka aizoee aibu. Mwingine, mwenye moyo laini, alisema nimwache, maana mtihani ni wa kuandika. Niliona kwamba mashauri haya mawili, ingawa yanaonekana kupingana, yanafanana: yote yanamwacha msichana yule nje ya mlango bila kumuuliza kwa nini haingii.

Nililipa darasa zima kazi moja: kila mtu aandike aya kuhusu mara ya kwanza alipokisikia Kiswahili. Nami niliandika. Nilieleza kuhusu madereva wa malori waliolala katika mji wetu mdogo wa barabarani nilipokuwa mtoto. Walikuwa wakitaniana kwa Kiswahili nami nikadhani wanagombana, nikakimbilia kwa mama. Nilisoma aya yangu kwanza, darasa likacheka. Wanafunzi wetu ni zaidi ya sabini, kwa hiyo tulisoma aya tano au sita kila kipindi. Mmoja alikisikia kwa mhubiri, mwingine katika utangazaji wa mpira, mwingine kwa kaka yake aliyejiunga na jeshi, mwingine kwa polisi waliokuja usiku kumtafuta jirani.

Msichana yule alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu," alisema, "nakuomba usinisomee hii. Nitaisoma mwenyewe nikiwa tayari." Ilipita wiki ya kwanza, ikapita ya pili. Siku moja aliinua mkono. Aliandika kwamba redioni kikisikika Kiswahili, nyanya yake huinuka akaingia ndani. Miaka ya 1970, watu waliokuwa wakitoa amri kwa lugha hiyo walimchukua babu yake usiku, na hakurudi. Alimalizia hivi: "Nikitamka neno moja la Kiswahili nyumbani, najiona kama nimesimama upande wao."

Wasomaji wasio wa nchi hii huenda wasijue uzito wa maneno hayo. Kwetu Kiswahili kililetwa na wafanyabiashara, lakini kilikua pia kambini, tangu majeshi ya kikoloni hadi majeshi ya baada ya uhuru. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa familia nyingi ndiyo lugha iliyosikika kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi nilizaliwa baada ya utawala ule kuanguka, na wanafunzi wangu wamezaliwa mbali zaidi nao. Lakini hofu hurithiwa kama shamba. Mtoto huikuta ina mipaka ambayo hakuichora.

Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema, "Lakini lugha haikumkamata mtu." Alisema kweli, na kwa kuisema kweli ile upesi hivyo alikaribia kumfunga mwenzake mdomo. Hapa ndipo huruma na fikra hukutana, na mwalimu asiwe na haki ya kuchagua moja. Ningesema tu, "Pole, binti yangu," ningekuwa nimeifanya kumbukumbu yake kitu cha kuliliwa, kisichoweza kuhojiwa. Ningelimuunga mkono mvulana, ningekuwa nimetumia hoja sahihi kama mlango wa kumfungia nje. Nilimuuliza mvulana anajuaje hivyo. Nikaliuliza darasa tungehitaji kujua nini ili tuweze kuamua. Wakaenda makwao na maswali matatu kwa wazee: nani walikisema Kiswahili, walimwambia nani, na kwa kusudi gani?

Majibu yaliyorudi yalijaa ubao. Askari wa Amin, ndiyo. Lakini pia askari wa Tanzania waliofika mwaka 1979 kumwondoa Amin, nao walisema Kiswahili, na wazee fulani walikumbuka kuwashangilia. Majambazi wa miaka iliyofuata. Wachuuzi wa nguo. Vibarua wa mashamba waliotoka makabila mbalimbali na hawakuwa na lugha nyingine ya kupatania ujira. Lugha iliyotumika kumtoa mtu nyumbani kwake ndiyo iliyotumika kutangaza kwamba anayewatoa watu ameondoka. Hapo msichana yule aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliandaa: "Mbona Kiingereza, kilichotumika kuwatawala babu zetu, hatukikimbii? Hicho tunakiita elimu."

Kengele ililia kabla ya mtu kujibu, nami nilifurahi kwamba ililia, kwa sababu swali lile lilistahili kutembea nao hadi nyumbani.

Kipindi kilichofuata niliwasimulia jinsi hooks alivyoitafakari lugha ya Kiingereza. Aliwawazia Waafrika waliofikishwa Marekani wakiwa watumwa, wakiisikia kwa mara ya kwanza lugha ya waliowanunua. Bila shaka iliwatisha. Lakini watu wale walioporwa lugha zao waliichukua lugha ile, wakaivunja sarufi yake, wakaipinda, wakatengeneza ndani yake mahali pa kuongea wao kwa wao bila bwana wao kuelewa. Lugha ya mtesaji ikawa pia lugha ya nyimbo za kumpinga. Hooks hakusema kwamba kwa hiyo mateso yamefutika. Alishika ukweli wote wawili: lugha yaweza kubeba jeraha, na yaweza kubebwa kwingine na wale waliojeruhiwa. Darasani kwake aliwahimiza wanafunzi watumie lugha zao za nyumbani kisha wazitafsiri, na wengine walipolalamika kwamba hawaelewi, aliwaambia kwamba dakika chache za kusikiliza bila kuelewa ni somo pia.

Nami nimelichukua hilo. Siku hizi mwanafunzi wangu akikwama hutaja neno kwa lugha ya mama yake, na darasa humtafutia Kiswahili chake. Mara nyingine hatukipati, nasi hukiri kwamba lugha yake imeona kitu ambacho Kiswahili hakijakiona.

Lakini nikifuata ushauri wa hooks mwenyewe wa kuondoa uchafu kabla ya kunywa, kuna jambo moja sikulichukua kama lilivyo. Yeye alifundisha watu wazima. Alitaka kila mmoja asikike, na hilo ni haki. Mimi nafundisha watoto wanaolala bweni moja, ambao aibu ya darasani huwafuata hadi kitandani. Kwa hiyo kwangu kuandika ni lazima, kusoma kwa sauti ni hiari. Mtoto ana haki ya kukunja karatasi yake mara nne. Laiti ningemlazimisha msichana yule asome siku ya kwanza kwa jina la usawa, nisingelisikia swali lake kuhusu Kiingereza. Angeliandika aya nyingine, salama na tupu, kuhusu utangazaji wa mpira.

Nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika haya, alinipa kwa sharti kwamba nisitaje kijiji chao. Nilimuuliza ameamua nini kuhusu Kiswahili. Akanijibu: "Shuleni nitakisema. Nyumbani nitanyamaza mpaka nyanya aniulize mwenyewe." Hakuna mtihani utakaompa alama kwa uamuzi huo. Hata hivyo amepima ushahidi, amesikiliza upande usio wake, ameulinda moyo wa mzee wake, na amefikia msimamo ambao yuko tayari kuueleza. Sijui tunataka nini zaidi kwa raia.

Kwa maana suala hili, ndugu wasomaji, si la mbinu za darasani peke yake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, nami ndio unaonipa ugali. Lakini lugha haiwi ya taifa kwa kutangazwa. Amin naye aliitangaza. Huwa ya taifa pale wananchi wanapoweza kuitumia kusema hata yale ambayo lugha yenyewe iliwatenda. Na mahali pa kwanza pa kujifunza hilo si bungeni wala kituo cha kura. Ni pale mtoto anapoinua mkono na kumtazama mtu mzima mwenye mamlaka, akijaribu kusoma usoni mwake iwapo swali lake litapokewa au litaadhibiwa.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliwapa wanafunzi wangu methali hiyo muhula uliopita waihoji, si waifafanue tu. Wengi waliitetea, kwa sababu nzuri. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika guu pia, ila yeye huanguka na watu wengi. Nilimwandikia pembeni kwamba hoja yake inahitaji mifano mitatu, na ailete Jumatatu.